Mgeni Rasmi wa Bibi Odessa

Bibi Odessa Pettiford alipokuwa hai, kila alipobisha mlango wa Zefania, Zefania alikimbilia chooni. "Mwambie sipo," alimnong'oneza mkewe, kisha akafungulia bomba la maji ili asisikie anavyosemewa uongo. Vaileth alifungua mlango, akasema mume wangu katoka. Bibi Odessa, Mmarekani mweusi aliyestaafu udereva wa basi la shule, alicheka tu. Alikunjua kigoda chake cha turubai pale pale kwenye korido akakaa. "Sina haraka," alisema. "Mwanaume hawezi kuishi chooni."

Ndivyo alivyofanya kazi yake. Alizunguka majengo ya Langley Park, Maryland, na kigoda, mlango kwa mlango, akiwaambia wapangaji kwamba joto wameshalilipia ndani ya kodi, na kwamba wenye majengo hawatishiki na mtu mmoja anayelia, wanatishika na watu wengi waliokaa kwenye viti vya kaunti, malalamiko yanaposikilizwa. Wengi walimwona msumbufu. Boniface, mwenyekiti wa umoja wa Watanzania, mwenye kazi ya serikali na nyumba ya ghorofa huko Bowie, alikuwa akisema hawa weusi wa hapa ni wakorofi, wanapenda kesi, tukae nao mbali.

Basi Bibi Odessa akafa, ghafla, Januari ya mwaka 2007. Televisheni ikaonyesha picha yake, na watu wamesimama barabarani na mishumaa. Kesho yake Boniface akampigia simu Zefania, sauti imemkauka kwa uchungu. "Katibu, tumempoteza dada yetu wa damu. Tusipomuenzi sisi, atamuenzi nani?"

Na Zefania, aliyemkimbia marehemu mpaka chooni, akawa katibu wa kamati ya kumuenzi.

*

Kamati ilikaa Bowie, sebuleni kwa Boniface, ambako joto lilikuwa la kutosha mpaka watu wakavua masweta. Vaileth alifuatana na mumewe akiwa na mtoto wao Vumilia, msichana wa miaka sita. Hakuna aliyemwuliza kama anataka kupika chai. Alionyeshwa tu jiko. Vumilia alilala kwenye zulia, kifua kinapanda na kushuka kimya kimya. Vaileth alimtazama mtoto kuliko alivyotazama vikombe. Kwao hakulala hivi. Kwao kifua chake kilipiga filimbi usiku kucha.

Suala la sare lilipita upesi: kitenge cha zambarau, na beji yenye picha ya marehemu. Phineas, kijana mwenye sauti nene anayeongoza harusi zote kutoka Baltimore hadi Virginia, alipewa kuongoza shughuli. Kilichowakwamisha ni mgeni rasmi.

"Mchungaji wa Annandale?" mmoja alipendekeza.

"Mchungaji ni wa kufungua kwa sala," Phineas alisema. "Atafungua kwa sala halafu ajikaribishe mwenyewe kama mgeni rasmi? Mtanichanganyia ratiba."

"Balozi?"

"Yuko safarini."

"Kuna binti wa marehemu," alisema Vaileth, birika mkononi. "Anaitwa Renita. Si apewe yeye hiyo nafasi?"

Walimgeukia kama vile birika ndilo lililosema.

"Mama Vumi, yule ni mfiwa," Boniface alimweleza polepole, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. "Mfiwa anapewa pole. Mgeni rasmi ni mtu mwenye cheo. Sasa tulieni niwape habari njema. Nimeongea na Bwana Haskell."

"Haskell yupi?" Zefania aliuliza.

"Meneja wa majengo yenu! Anatupa ule ukumbi wa chini, bure, na amekubali kuwa mgeni rasmi. Hakusita hata kidogo. Kwanza aliniuliza mgeni rasmi ni kitu gani, nilipomwambia anakaa katikati ya meza kuu, akasema sawa."

"Si ndiye Bibi Odessa aliyekuwa anamshitaki kaunti kwa ajili ya joto?" Vaileth alisema. "Si ndiye aliyemnyima ukumbi huo huo, mikutano tukawa tunafanyia kwenye chumba cha kufulia?"

"Ndiyo utamu wenyewe!" Phineas aliruka. "Maridhiano! Hapo mimi nitalia, nawaambia kabisa, msinishangae."

"Ila ana sharti moja dogo," Boniface aliendelea. "Ana nafasi Alhamisi ijayo tu, jioni."

"Alhamisi jioni ndiyo siku ya kaunti," Vaileth alisema. "Shauri la joto linasikilizwa Alhamisi jioni. Bibi Odessa alitusisitizia tusikose."

Zefania alikuwa anayasoma maandishi yake mwenyewe kama ya mtu mwingine.

"Kaunti ipo siku zote, Mama Vumi," alisema Boniface. "Mgeni rasmi hapatikani siku zote. Hebu tuletee maziwa."

Maziwa yakaletwa. Alhamisi ikaandikwa.

*

Chumba cha kufulia ndicho kilikuwa na joto peke yake katika jengo zima. Vaileth alimkuta Anysie, Mkongomani wa Uvira aliyekaa ghorofa ya juu yake, amebandika mgongo kwenye mashine ya kukaushia nguo.

"Mama Vumi, shofaji yenu inawaka?"

"Joto liwake wapi! Nimewasha oveni, nimeacha mlango wake wazi."

"Eh, ile ni hatari."

"Na baridi je, si hatari?"

Anysie akaguna. "Kwa ile siku ya Alhamisi, tutaenda na nini? Bibi ndiye alikuwa analeta gari ya kanisa. Na alisema tusipofika, avoka ya Haskell, mwanasheria wake, atasimama aseme: munaona, hakuna mutu analia. Banafunga dosie, kesi kwisha."

"Zefania ana gari."

"Zefania ako na kamati yake."

"Nitasema naye. Ni baba wa mtoto yule, si baba wa kamati."

Jioni alimkuta mumewe mezani jikoni, miguu ameielekeza kwenye oveni iliyo wazi, anaandika risala. Chumbani Vumilia alikuwa anakohoa. Ukuta wa kando ya kitanda chake ulikuwa na ukungu mweusi. Bwana Haskell alileta mafundi wakapaka rangi nyeupe juu yake, hawakuufuta, na sasa ulikuwa unatokeza tena taratibu.

"Baba Vumi, Alhamisi nipe gari. Nina watu wa kupeleka kaunti."

"Gari litabeba keki."

"Keki ya msiba?"

"Ya kumbukumbu. Ina picha yake."

"Basi keki ipande na sisi, tukirudi tutaikata."

"Unanitania, Vaileth. Mimi katibu, nisiwepo? Risala ataisoma nani?" Kisha akaweka kalamu chini, akalainisha sauti kama mtu aliyekumbuka kwamba ana akili. "Njoo ukae. Sikiliza. Kaunti utakaa kwenye benchi, utasema Kiingereza chako hicho cha kuungaunga, watakwambia asante, mtajibiwa. Huku Haskell mwenyewe atakuwa amekaa mbele yetu, na risala inasomwa mbele ya macho yake. Joto nimeliweka humu. Ukungu nimeuweka. Kifua cha Vumilia nimekiweka. Wewe ulishawahi kuona wapi mgeni rasmi akasomewa risala asijibu?"

Vaileth alifikiri. Aliishia darasa la saba kule Tukuyu, na alikumbuka mkuu wa wilaya alipokuja shuleni, wakamsomea risala kwamba watoto wanakaa chini. Yule bwana alisimama mbele ya umati akaahidi madawati. Mengine yalikuja kweli.

"Sijawahi kuona," alikubali.

"Umeona? Mtu ale pilau yako, avishwe shada, aitwe mheshimiwa mbele ya kamera, halafu akunyime joto? Ana sura gani huyo?"

Mtoto aliita kutoka chumbani, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba anataka pampu yake ya kuvuta, kifua kimeanza tena. Vaileth aliinuka kumpelekea. Alipomshikia ile pampu mdomoni, alikuwa anaihesabu risala kama dawa ya pili.

Siku iliyofuata alimwambia Anysie, "Tumeliweka kwenye risala."

"Risala ni nini?"

Vaileth akamweleza: maneno ya wenyeji kwa mgeni rasmi, wanamsifu, wanamweleza shida zao, na yeye anasimama anajibu shida moja moja.

Anysie alimtazama sana. "Na uyo Haskell, anajua risala ni nini?"

Vaileth akacheka. "Mtu mzima, meneja mzima, asijue?"

*

Alhamisi ukumbi ulikuwa na joto kama Bowie. Watu waligusa vile vyuma vya joto vya ukutani na kushangaa: kumbe vinaweza! Meza kuu ilifunikwa kitambaa cheupe. Picha kubwa ya marehemu iliwekwa kando yake. Katika picha ya asili alikuwa ameshika kipaza sauti mbele ya ofisi za kampuni ya majengo, lakini kamati iliona si adabu, ikakata. Ilibaki sura yake na mkono mmoja ulioinuliwa, kama anayeaga.

Renita, binti wa marehemu, alifika na nguo zake za kazi. Phineas alimpokea mlangoni kwa tabasamu, akamwelekeza njia ya jikoni, maana hakuwa na sare. Alipoeleza yeye ni nani, Phineas alifurahi kupita kiasi, akamshika mikono yote miwili, kisha akamkalisha nyuma, karibu na rundo la makoti. Meza kuu ilikuwa imeshajaa. Boniface alikuja na mkewe, shemeji yake, na mtu mwingine aliyekuwa anapita tu kutoka Ohio.

"Mheshimiwa mgeni rasmi, waheshimiwa wa meza kuu, itifaki imezingatiwa!" Phineas alinguruma, na wapiga picha wakawasha taa zao.

Bwana Haskell alivishwa shada. Alitazama huku na huku kama mtu aliyeshinda bahati nasibu ambayo hakununua tiketi. Vaileth alizunguka na sahani ya sambusa. Vumilia alikuwa amekaa karibu na chuma cha joto, ametulia, hakohoi.

Mlango ukafunguka kidogo, Anysie akachungulia, koti limefungwa mpaka kidevuni. "Mama Vumi, siye tuko inje, tunaenda kituoni kutafuta bisi. Unakuja ao haukuji?"

"Ngoja kidogo, risala inasomwa sasa hivi."

"Bisi haiwezi ngoja risala."

"Anysie, ni hapa hapa, dakika chache, atajibu..."

Lakini Anysie alishageuka.

Zefania akasimama. Risala ilikuwa kwa Kiingereza, kila neno limepigwa pasi, na haikuwa ile iliyoandikwa mbele ya oveni. Boniface alikuwa ameipitia asubuhi hiyo kwa simu, akaagiza ilainishwe, tusimwaibishe mgeni mbele ya watu. Zefania alisoma juu ya marehemu na moyo wake wa upendo. Alisoma juu ya ushirikiano mwema kati ya wapangaji na uongozi. Kisha akashusha sauti, wala hakumtazama mkewe.

"Mheshimiwa mgeni rasmi, pamoja na mafanikio hayo, hatukosi changamoto ndogondogo zitokanazo na hali ya hewa ya Maryland."

Vaileth alisimama na sahani yake, akisubiri joto, akisubiri ukungu, akisubiri kifua. Sentensi iliyofuata ilishukuru kwa ukumbi. Iliyofuata ilimwombea mgeni maisha marefu. Watu wakapiga makofi.

Bwana Haskell naye akapiga makofi, akabaki amekaa. Ikabidi Phineas amwinamie sikioni amweleze kwamba sasa anapaswa kujibu. "Kujibu nini?" aliuliza, na kipaza sauti kikalinasa hilo. Akasimama. Akasema ni kweli, Januari ya huku ina baridi kali. Yeye mwenyewe ni mtu wa Florida, hajaizoea mpaka leo. Meza kuu ikacheka sana, Boniface mpaka akajifuta macho. Halafu mgeni akavuta kitambaa kilichokuwa kimetundikwa ukutani, na chini yake kikaonekana kibao cha shaba: Ukumbi wa Odessa Pettiford.

Vigelegele vikapasua dari. Phineas akalia, kama alivyoahidi.

Renita alikuwa ametoka kwenye makoti. Alipita katikati ya watu waliosimama mpaka kwa mwanamke pekee ambaye hakupiga makofi, maana mikono yake ilikuwa bado imeshika sahani.

"Nani ameenda kaunti?" aliuliza.

Vaileth alikusanya Kiingereza chake. "Wachache. Wako kituo cha basi."

"Basi la kule halipo saa hizi. Mama hakuwaambia?" Akamtazama Vumilia pale kwenye chuma cha joto. "Huyu ndiye mtoto wa filimbi?"

"Ndiye."

"Mama alikuwa ananisimulia habari zake kila Jumapili. Vaa koti."

Vaileth alitua sahani ya sambusa mbele ya mtu wa Ohio, akamshika mtoto mkono, wakatoka. Kamera ilimnasa mgongo wake.

*

Walimkuta Anysie na wenzake wamejikunyata kituoni University Boulevard. Gari la Renita lilikuwa dogo. Walipanda walioweza kupanda, wengine wakarudi nyumbani. Njiani Vumilia aliuliza kwa Kiingereza kama huko wanakokwenda kuna keki.

Milango ya kaunti ilikuwa wazi bado, lakini chumba kilikuwa kitupu, na mzee mmoja mfanyakazi alikuwa anapanga viti. Jengo lenu liliitwa, alisema. Likaitwa tena. Alisimama mwanasheria wa kampuni peke yake. Hakuna mpangaji, hakuna malalamiko, shauri limefungwa. Mkitaka kulifungua upya, wapangaji waanze upya, wengi, na waje wenyewe.

Kisha akaiona beji kwenye kitenge cha zambarau. Akavaa miwani yake.

"Odessa," alisema. "Huyu alikuwa hakosi. Hata siku moja. Nilishangaa leo kiti chake kitupu, nikasema labda atakuwa ametuma watu." Akawatazama walivyovaa. "Nyie mnatoka kwenye sherehe?"

Vaileth alifunga koti juu ya beji. Anysie akamjibu yule mzee kwa ajili yao wote, kwa Kifaransa, na afadhali hakuelewa.

*

Jumamosi asubuhi midomo ya Vumilia ilikuwa ya bluu. Wenye watoto wa namna hiyo wanajua rangi hiyo. Wasiojua, Mungu awaepushie. Pampu ilikuwa haifui dafu. Zefania aliendesha gari bila viatu, na kwenye kiti cha nyuma kipande cha keki kilichobaki kiliteleza huku na huku ndani ya boksi lake.

Walipomwekea mtoto mashine ya hewa, daktari mmoja wa kike aliwakalisha pembeni. "Nyumbani kuna joto? Kuna ukungu wowote ukutani?"

Zefania akafungua kinywa. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, lile lile la kwenye risala: changamoto. Vaileth akamgeukia.

"Upo," alisema Zefania. "Joto hatuna. Ukungu upo, mwingi, kando ya kitanda chake." Akainamisha kichwa, akalia, bila kipaza sauti.

Mtoto alipotoka hospitali, Vaileth alikwenda ofisini kwa Bwana Haskell kuomba ufunguo wa Ukumbi wa Odessa Pettiford, wapangaji wakutane. Msichana wa mapokezi alimwambia kwa heshima kwamba haiwezekani. Ukumbi ni wa sherehe. Mikutano ya wapangaji hairuhusiwi. Na tangu ile Alhamisi vyuma vyake vilikuwa vimezimwa.

Kwa hiyo mkutano ulipangwa chumba cha kufulia, na kazi iliyobaki ilikuwa ya kubisha milango. Zefania alipewa ghorofa ya chini, akaanza kuonja utamu wa kuambiwa mwenye nyumba katoka. Boniface alipopigiwa simu alisema yuko pamoja nao kiroho. Anysie akachukua ghorofa ya juu. Renita alikuja na kigoda cha turubai, akamkabidhi Vaileth mkononi bila hotuba.

Vaileth alianzia kwa Phineas, aliyekaa korido ile ile, mlango wa mwisho. Ndani DVD ya shughuli ilikuwa imeshatoka, na sauti ilikuwa juu. Ilisikika wazi mpaka nje ile sauti nene, yenye machozi: "Ndugu zangu, kuanzia leo mlango wangu uko wazi kwa yeyote atakayeifuata kazi ya mama huyu!" Kisha vigelegele.

Akabisha.

Televisheni ikanyamaza. Nyayo zikasogea, zikasimama, tundu la mlangoni likaingia giza. Nyayo zikarudi haraka.

"Mwambie sipo," Phineas alimnong'oneza mkewe, na bomba la maji likafunguliwa.

Mlango ukafunguka kiasi cha uso. "Shikamoo, Mama Vumi. Phineas katoka, jamani. Kakukosa sasa hivi tu."

"Marahaba, mwanangu. Hakuna neno." Vaileth akakunjua kigoda katikati ya korido, akakaa, akavuta kitenge magotini. Vumilia, shingo imezungushiwa skafu, akaegemea mguu wake na kuuliza kwa Kiingereza watakwenda nyumbani saa ngapi.

"Akitoka chooni," alisema Vaileth.